Mchoro Nilioutia Sahihi

Jumamosi iliyopita tulimzika Bwana Gaudensi huko Msamala, Songea, na watu walipanga foleni kumsifu. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kusema uongo tangu wafahamiane. Mwingine, kijana wa kwaya ambaye hakuwa hata amezaliwa mwaka ninaotaka kuueleza, alisema tumempoteza mwanasayansi wa kweli. Kisha mwongoza ratiba akatangaza kwamba yupo Bibi Zuhura, aliyefundishwa kazi na marehemu, amesafiri mwendo wa siku nzima kuja kumuaga, kwa hiyo asogee mbele aseme neno. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso nikasema kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mazishini haina pa kukaa: huwezi kumgombeza maiti, wala huwezi kumgombeza mjane anayekuletea sahani ya wali. Nimerudi nayo nyumbani, na siku ya nne leo bado ninayo. Marehemu hasemwi, ndivyo tulivyolelewa. Basi nitajisema mimi, na yeye ataguswa palipo lazima.

Nilifika Songea nikiwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha ufundi wa maabara na sanduku la bati, mwaka ule ambao maneno "soko huria" yalikuwa bado mapya na watu waliyatamka kwa tahadhari. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya ghala la tumbaku la ushirika. Harufu ya tumbaku ilikuwa kwenye mapazia, kwenye madaftari na kwenye chai. Chumba cha tatu ndicho kilichokuwa na mashine, nacho kilifungwa muda wote, na ndani ya kabati lililoibeba kulikuwa na balbu mbili zilizowaka mchana kutwa ili kufukuza unyevu. Mashine hiyo ilitoa mionzi ya infraredi, yaani mwanga wa joto ambao jicho haliuoni. Unasaga kitu chako pamoja na chumvi maalumu kwenye kinu kidogo cha jiwe, unabana unga wake mpaka uwe kidonge chembamba kinachopitisha mwanga, ukubwa wa kifungo cha koti, unakiweka kwenye njia ya mionzi, na kalamu ya wino inaanza kutembea juu ya karatasi ndefu. Kila mahali kitu chako kinapoumeza mwanga, mstari unazama. Mwishowe unapata mabonde na vilima, na kila dutu ina mabonde yake ambayo haigawani na nyingine. Nilikipenda chumba kile. Nilipenda ukavu wake na mlio mdogo wa kalamu, na nilipenda kwamba hapakuwa na ubishi: kitu kikiwekwa, kinajitaja.

Bwana Gaudensi alikuwa mkuu wa maabara, mwembamba, mtu wa makamo, Mkatoliki wa misa ya kila siku, miwani yake imefungwa mguu mmoja kwa uzi wa kushonea. Sisi wote tulimwita Mwalimu ingawa hakuwa na darasa. Siku yangu ya pili alimwaga karanga mezani, akachagua tano, akaongeza njugumawe moja, akazipanga mduara. "Tazama, binti," alisema. "Hii ni pete ya pembe sita, jina lake piridini. Karanga ni kaboni. Njugu ni naitrojeni, huyo ndiye mwenye nyumba, anahesabiwa wa kwanza. Sasa ukitundika mkono kwenye pembe ya pili, umepata kitu. Ukiutundika kwenye ya tatu, ni kitu kingine. Ya nne, kingine kabisa. Pete ni ileile, umehamisha mkono tu." Akanionyesha kwamba nikotini ya tumbaku mkono wake uko pembe ya tatu, na kwamba pembe ya tatu hujitangaza upande wa kulia kabisa wa karatasi kwa mabonde mawili, moja la wastani na moja refu sana. Kisha akaila pete yote. Kwa miezi sita nilichora nikotini za wakulima wa Namtumbo na wa kwingineko, asubuhi na mchana, mpaka ningeweza kuyachora mabonde yale mawili kwa mkaa ukutani nikiwa nimefumba macho.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuipindisha. Anayechora ndiye anayetia sahihi kwenye kona ya mchoro. Mkuu anatia yake kwenye ripoti tu. "Usitie sahihi mchoro usiouamini," aliniambia, "hata nikikuamrisha mimi." Aliyasema hayo kwa kinywa chake, akitafuna, na mimi nikayaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, na kuyapigia mstari. Nilikuwa na umri wa kupigia mambo mistari.

Nilipanga chumba mtaa wa Bombambili, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uwa katikati. Chumba kilichofuata alikaa Skolastika, mwalimu wa shule ya msingi, Mmatengo kutoka milima ya Mbinga, rika langu, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Wiki ya kwanza tu tuliunganisha masufuria. Yeye alileta maharage ya kwao na unga, mimi nililetewa mbasa, samaki wa ziwani, wa kukaushwa na mwenzangu mmoja wa kazini aliyetoka Nyasa, na tulikula tukiwa tumekaa kwenye vigoda mlangoni kwake. Alinitania bila huruma. "Zuhura, ukiingia tu uwani nzi wanatafuta pa kutokea," alisema. "Siku utakayoolewa mwanamume atadhani ameoa sigara." Siku ya tatu ya kula pamoja aliweka kijiko chini akaniambia ana kifua kikuu, amemaliza miezi miwili ya sindano, sasa yuko kwenye vidonge na haambukizi tena. "Ukitaka kuhamisha sahani yako, hamisha sasa, nisije nikakuzoea bure." Sikuihamisha. Akaniongezea mchuzi.

Pale uwani ukuta haukuwa na siri. Walimu wenzake walipokuja kumjulia hali, walikuwa wakiagana naye kwa maneno matamu, kisha wakasimama nyuma ya choo kusema yao. Niliwasikia nikifua. "Kifua kikuu gani hicho, huo ni ule mwingine," alisema mmoja, na mwenzake akajibu, "Mwache, siku zitasema." Skola alikuwa anajua kwamba wanasema hivyo. Ndiyo maana vidonge vyake alivimeza hadharani, saa moja asubuhi, amesimama mlangoni na kikombe cha maji, kila mtu amwone. Vilikuwa vya aina mbili. Alisema siku atakayoandikiwa kwamba amepona ataibandika karatasi hiyo kwenye ofisi ya walimu, ili wasome wote. Kufikia Desemba alikuwa amenenepa kidogo na amerudi kwenye kwaya, na jioni alikuwa akipiga mazoezi ya sauti ya pili huku mimi nikimwambia kwamba hata Waislamu wa mtaa huu wameshaujua wimbo, inatosha.

Msimu ule ndipo wanunuzi binafsi wa tumbaku walipoingia, na magari yao na mizani yao, wala hawakuhitaji maabara ya ushirika iwaambie kitu. Sampuli zikapungua, kisha zikakoma. Tulikuwa watu sita na mashine moja, tunakunywa chai tangu asubuhi. Ndipo akaja mfanyabiashara wa dawa. Siku hizo maduka ya dawa yalikuwa yakifunguliwa mjini moja baada ya jingine, na huyu ndiye aliyekuwa akiyaletea mzigo. Alikuwa mpole, kanzu nyeupe, hodi nyingi, na alimwita Mwalimu "mzee wangu" ingawa walilingana. Alitaka ripoti yenye mhuri kwamba dawa zake ni zenyewe, ili aweze kuuza pia hospitalini na wilaya za jirani. Kwa Bwana Gaudensi alikuwa mvua iliyonyesha kwenye ukame, na sisi wengine pia tulifurahi, nisijifanye. Alileta chupa za vidonge vya aina nyingi. Moja ilikuwa na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu.

Ilikuwa Februari, mvua inanyesha tangu alfajiri, na Mwalimu alikuwa amekwenda mkutanoni. Nilisaga vidonge, nikavilowesha kwenye spiriti, nikachuja ili wanga ubaki kwenye karatasi, nikakausha kilichopita, nikakibana na chumvi. Kwa hesabu za karanga, isoniazidi ni pete ileile ya piridini, ila mkono wake uko pembe ya nne. Nilijua nitakachokiona. Kalamu ilipofika upande wa kulia ikazama mara mbili, bonde la wastani na bonde refu sana. Nilidhani nimelala. Nikarudia kwa vidonge vingine kutoka chini ya chupa, na kinu kingine ambacho hakijawahi kugusa jani la tumbaku. Mara mbili tena. Nikafungua kitabu cha michoro ya kulinganishia, nikageuza kurasa mpaka nikaipata: nikotinamidi. Mkono pembe ya tatu. Ni vitamini, ya bei rahisi, haina ubaya wowote kwa mtu, ila mdudu wa kifua kikuu anaipita bila hata kuiamkia.

Jioni ile Skola alikuwa amepika magimbi. Tulipokuwa tunakula aliingia ndani akatoka na chupa nyeupe yenye kifuniko cha kijani, akaitikisa sikioni mwangu. "Hospitali wameishiwa hii ya pili," alisema. "Dirishani wameniambia nikanunue. Duka jipya lile la mjini lina kila kitu, mpaka unaona raha." Niliichukua nikasoma lebo. Ilikuwa lebo ileile na namba ileile ya toleo niliyoiandika kwenye daftari mchana. Aliona uso wangu. "Vipi? Ninyi si ndio mnaopima dawa sasa?" Nikamwambia tunazipima, asubiri, kesho nitamwambia vizuri. "Haya, fundi," alisema, akaiweka chupa dirishani bila kuifungua.

Asubuhi nilimtandikia Mwalimu michoro yangu mezani. "Hii si isoniazidi, Mwalimu," nilimwambia. "Mkono uko pembe ya tatu." Alivua miwani, akaivaa, akainama sana.

"Kinu umekiosha?" aliuliza.

"Nimekiosha. Na cha pili ni kipya."

"Na hewa umeiosha?" Aliashiria ukuta wa ghala kwa kidevu. "Humu tunakunywa tumbaku, tunavaa tumbaku. Hiyo pembe ya tatu unayoiona ni nikotini. Umechafua sampuli, binti."

Nimekuwa na miaka mingi ya kujibu maneno yale, na jibu ni fupi. Uchafu huongeza, hauondoi. Kama vumbi la tumbaku lingekuwa limeingia, mabonde ya isoniazidi yangekuwa palepale, na ya nikotini yangejipachika pembeni yake. Kwenye michoro yangu, mabonde ya isoniazidi hayakuwapo kabisa. Baadaye nimefundisha wasichana na wavulana wengi kazi hii, sehemu nyingine, na hilo wanalijua ndani ya wiki ya kwanza. Mimi nilikuwa nalijua. Yeye alilijua kabla mimi sijaanza shule. Nilifungua mdomo kulisema, na kilichotoka ni "Samahani, Mwalimu."

Akaenda kabatini akarudi na chupa ndogo ya kahawia. Ilikuwa chupa ya mfano, isoniazidi halisi tuliyoitunza kwa ajili ya kulinganishia. "Chora hii," alisema. Nikamwambia hiyo ni ya mfano. "Ndiyo safi iliyopo," alijibu, akaketi, na kwa mara ya kwanza akaniita kwa jina. "Zuhura. Watu sita wanakula hapa. Ushirika hautuwezi tena. Bwana yule akibeba mzigo wake akaondoka, hakuna mwingine anayekuja nyuma yake. Sijakwambia uandike uongo. Nimekwambia uchore kilicho safi." Kisha akatoka kwenda kuwaangalia wengine, akaniacha na mashine. Hakusimama juu yangu, hilo nalikubali. Angesimama ningekuwa na cha kumsingizia. Nilichora. Ulitoka mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora, mkono pembe ya nne, kila bonde mahali pake. Juu yake nikaandika namba ya toleo la vidonge vya yule bwana. Kwenye kona nikatia sahihi yangu.

Nilipofika nyumbani Skola alikuwa akinisubiri kwenye kigoda. "Haya, fundi, niambie." Nikamwambia ni nzuri. "Mmepima?" Nikamwambia nimepima mwenyewe. Akainuka, akachukua ile chupa dirishani, akaifungua, akameza mbele yangu kwa maji ya kikombe changu. "Basi," alisema, "sasa namezea uhakika." Tulikula. Sikumbuki tulikula nini, na mimi nakumbuka karibu kila kitu tulichokula mwaka ule.

Watu huniuliza, wale wachache niliowasimulia nusu ya habari hii, kama niliamini ile hadithi ya vumbi. Niliiamini kwa namna unavyoamini kwamba utaanza kufunga swaumu za sunna: kwa muda unaotosha kuahirisha. Kila asubuhi niliposikia kikombe chake mlangoni, nilijikumbusha kwamba Mwalimu ana uzoefu wa miaka ishirini na mimi nina miezi saba. Nilijikumbusha kwamba ana dawa nyingine ya bure pembeni. Nilijikumbusha mengi. Baada ya Pasaka kikohozi kilirudi. Mwezi wa tano aliacha kwaya. Mwezi wa sita nilimsindikiza hospitalini akiwa amejifunga shuka mbili juani, na daktari, kijana mwenye haraka, akamgombeza mbele yangu. "Wewe ni mwalimu, halafu unaruka dawa?" Skola akamwambia hajaruka hata siku moja, amwulize jirani yake. Daktari akanitazama. Nikasema kweli, hajaruka. Akaandika kitu kwenye faili, nikakisoma kichwa chini miguu juu: "Mgonjwa si mwaminifu kwa dawa."

Alikufa Agosti. Walimu walikuja na shada na wakasimama tena nyuma ya choo. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema yule yule wa kwanza, na mwenzake akasema, "Si nilikwambia." Skola hakuficha ugonjwa wake hata siku moja, aliumezea dawa mlangoni, na mimi niliyeujua ukweli nilikuwa jikoni nikichambua mchele wa msiba. Bwana Gaudensi alinipa ruhusa ya siku mbili. "Pole sana, binti," alisema. "Huo ugonjwa hauna adabu." Nilimtazama nikitafuta kama amejua aliyekufa ni nani na alikuwa akinywa nini. Sikuwa nimemwambia. Mpaka anaingia kaburini sikuwa nimemwambia, na ukimya huo nao ni wangu. Maabara yenyewe ilifungwa kabla ya mwaka kwisha. Yule bwana alipata mhuri alioutaka akahamia mkoa mwingine, balbu zikazimwa, unyevu ukaingia, na sisi sita tukatawanyika kila mtu na bahasha yake. Kile tulichokiokoa hakikudumu hata msimu mmoja wa mvua.

Wiki moja baada ya mazishi ya Skola kwao Mbinga, mama yake alishuka mjini kuchukua vitu vya chumbani. Nilikuwa peke yangu uwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya jembe, na uso wa Skola ukiwa umekaushwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Zuhura?" Nikaitikia. Akanishika mikono yote miwili. "Alinisimulia. Alikuwa akisema, mama usihangaike, dawa ninazomeza kazipima Zuhura kwa mashine. Basi na mimi nilikuwa napata usingizi."

Tulikunja nguo pamoja. Alinipa gauni moja, nikakataa, akalazimisha. Tulipoinua godoro tukakuta chupa mbili nyeupe zenye kifuniko cha kijani, moja haijafunguliwa. Alizigeuza mkononi, akaiangalia lebo asiyoweza kuisoma. "Mdogo wake, yule Tekla, ameanza kukohoa tangu mavuno," alisema. "Hizi ni nzima kabisa. Nimpelekee?"

"Usimpe hizo, mama," nilisema. "Zimepita muda wake. Mpeleke hospitali wampime makohozi, wampe dawa za palepale."

"Loo! Kumbe nazo zina muda." Akanikabidhi zote mbili haraka. "Ungeninyamazia ningemwua mtoto."

Hakuuliza zaidi. Sikutaja pete wala pembe, sikumtaja Mwalimu, hakuna aliyepoteza kazi, na ilichukua muda wa kuvuta pumzi moja. Ningeweza kumwambia Skola maneno yaleyale siku ile ya Februari, amekaa kwenye kigoda chake, bila kumgombeza mkuu wa maabara na bila kukataa kutia sahihi. Angezitupa, angenitania kidogo, angeenda kutafuta nyingine duka jingine. Hata uongo ungemtosha. Sikumtafutia.

Nilimfungia mama mizigo, nikabeba kapu moja kichwani, tukatembea mpaka kituo cha magari ya Mbinga, na njia nzima alikuwa akinishukuru.